Nani Hujenga Maisha ya Umma? Mafunzo ya Nachingwea na Ruangwa

Mara kwa mara wanachama huwauliza makatibu wao swali moja: chama cha msingi na chama kikuu vina faida gani, iwapo mnunuzi anaweza kufika mlangoni na fedha mkononi? Swali hili ni halali, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Jibu lake limo katika historia ya taasisi zilizopita katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, toka zama za mkoloni hadi hivi leo. Baadhi ya taasisi hizo zilikuja na fedha nyingi zikatoweka, na nyingine zilianza kwa mizani na daftari, nazo zipo mpaka sasa. Yafaa kila katibu aielewe sababu ya tofauti hiyo.

MPANGO WA KARANGA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, na sehemu tatu zikachaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Makisio ya kwanza yalikuwa ni kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kazi ilianzwa na United Africa Company, na mwaka 1948 ikakabidhiwa shirika la serikali hiyo lililoitwa Overseas Food Corporation. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ikatandazwa kutoka pwani hadi bara.

Matokeo yake yanajulikana. Visiki vilivunja matrekta, mvua haikufuata ratiba ya ofisini, na majaribio ya kutosha hayakuwa yamefanywa kabla ya mashine kuletwa. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36. Mapema katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Waliobaki na mji wa Nachingwea, majengo na barabara ni wananchi, ambao hawakuulizwa mpango ulipoanza, wala hawakuulizwa ulipokwisha. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ilikuja kupata kazi yake ya kudumu katika korosho za wakulima wadogo.

KAMBI YA WAPIGANIA UHURU

Taasisi ya pili ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1965 chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilifungua Nachingwea kituo chake kikubwa cha mafunzo ya kijeshi, na Samora Machel alikuwa kiongozi wake mkuu. Jina la Farm 17, linalohusishwa na kambi hiyo, bado linakumbusha mashamba yaliyopewa namba wakati wa karanga. Hapo vijana walifundishwa vita, siasa na kazi ya jembe. Mwezi Mei 1975 Machel aliondoka kusini mwa Tanzania, akavuka Ruvuma na kusafiri nchi yake yote hadi mji mkuu, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Wananchi wa kusini waliishi jirani na vita hivyo kwa miaka kumi. Walichangia kwa utulivu wao, kwa kutunza siri na kwa kuwapokea wakimbizi waliovuka mto. Huo nao ni ujenzi wa maisha ya umma, ingawa hauonekani katika mizania ya shirika lolote.

USHIRIKA KUVUNJWA NA KURUDISHWA

Katika miaka hiyohiyo korosho ilikuwa imekwisha kuwa zao kuu la kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Vyama vya ushirika ndivyo vilivyokusanya mazao vijijini, lakini havikuwa bila dosari. Tume ya mwaka 1966 ilikwisha kuonyesha kuwa katika vyama vingi nchini palikuwa na uongozi dhaifu, watumishi wasio na ujuzi na ubadhirifu. Tiba iliyochaguliwa hatimaye ilikuwa kali. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chama cha ushirika, na tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Kazi zao zikahamia kwa mamlaka za mazao, ambapo korosho iliwekwa chini ya Mamlaka ya Korosho.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yamepungua hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei haikulipa gharama ya kupalilia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa korosho za kutosha. Lakini sababu moja inawahusu wanaushirika hasa: mkulima hakuwa tena na mkutano ambao angeweza kusimama na kuuliza bei imepangwaje na makato yamekwenda wapi.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, na mwaka huohuo likaundwa shirika la ukaguzi wa vyama, COASCO. Hata hivyo kijiji kiliendelea kuhesabiwa kuwa chama cha msingi. Ni sheria ya mwaka 1991 iliyorudisha kanuni ya asili, kwamba mtu hujiunga kwa hiari yake. Sheria ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika ili kuvisimamia vyama.

STAKABADHI GHALANI NA RUNALI

Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vimeungana katika chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Korosho, ufuta na mbaazi za wanachama huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mkulima hupeleka mazao kwenye chama cha msingi, yakapimwa ubora na uzito, naye akapewa hati ya mapokezi. Chama hukusanya na kupeleka mzigo kwenye ghala kuu, ambako stakabadhi hutolewa. Wanunuzi hushindana katika mnada, na wakulima hukubali au hukataa bei mbele ya wote. Mnunuzi akishalipa, makato yaliyokubaliwa hutolewa, na fedha iliyobaki huingia katika akaunti ya mkulima.

Udhaifu wa utaratibu huu ni muda. Mkulima mwenye mgonjwa nyumbani au ada ya shule hawezi kungoja mnada, na hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapompata, akamlipa bei ndogo kwa kipimo cha kienyeji. Chama kinachochelewesha malipo bila maelezo humtengenezea kangomba njia.

Mwezi Novemba 2018 jambo hili lilionekana wazi kwa taifa zima. Wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa. Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakatumika kuzisomba. Uhakiki ulifanywa ili kuwatenga wa kangomba, na baadhi ya wakulima walingoja malipo kwa muda mrefu. Chama ambacho daftari lake lilionyesha jina la kila mkulima, shamba lake na kilo zake kilikuwa na ushahidi wa kumtetea mwanachama.

WATU, MPIRA NA MADINI

Ruangwa imetoa pia watu na majina yaliyojulikana kitaifa. Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, alichaguliwa kuwa Mbunge wa Ruangwa mwaka 2010, akawa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Timu ya Namungo, iliyobeba jina la kijiji cha wachimba dhahabu, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Sasa yamekuja madini ya kinywe, ambayo hutumika katika betri. Mgodi wa Lindi Jumbo umefunguliwa Ruangwa, upande wa Matambarale. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi ya namna hiyo, na mwenye mgodi hupaswa kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mchango wake kwa jamii. Makubaliano hayo yatakuwa na maana iwapo wananchi watayauliza, kama mwanachama anavyouliza makato ya korosho.

WAJIBU WA CHAMA

Viongozi hustaafu, wawekezaji huja na kuondoka, na reli huweza kung'olewa. Chama hudumu pale wenyewe wanapokishika. Kwa hiyo kila chama hakina budi kutimiza mambo manne: mizani ikaguliwe kabla ya msimu, orodha ya makato ibandikwe mahali ambapo kila mmoja ataisoma, taarifa ya mkaguzi isomwe katika mkutano mkuu kwa lugha inayoeleweka, kabla ya kupitisha makisio na ukomo wa madeni, na kila swali la mwanachama liandikwe katika kumbukumbu pamoja na jibu lake.

Mwanachama anayeuliza faida ya chama akionyeshwa daftari lenye jina lake, kilo zake, bei na makato yake, atakuwa amejibiwa. Asipoonyeshwa, atakwenda kwa kangomba, na chama hakitakuwa na haki ya kumlaumu.