Jiliwa la Babu: Namna ya Kuokoa Vyombo vya Zamani vya Karakana

Nyuma ya nyumba nyingi za Kalemie kuna garaji isiyo na gari. Ndani yake mna baiskeli mbovu, mifuko ya makaa na, kwenye kona, vyombo vya chuma vya mzee aliyefanya kazi relini, bandarini au katika kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, wakati mji ukiitwa Albertville, na kazi za chuma zikaja nayo. Leo mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, vyombo hivyo hupimwa kwa kilo. Makala hii inaeleza jinsi ya kuvirudisha kazini kabla havijafika kwenye mizani.

Tuchukue jiliwa, chombo cha kubana chuma au ubao ili fundi aukate au aupige tupa. Mafundi wetu hukiita eto, kutoka Kifaransa. Jiliwa la babu yangu lilikuwa limekwama kabisa, na mjomba alikuwa amekwisha kupatana bei na mnunuzi. Tulimwomba atupe wiki moja.

Kwanza tujue adui ni nani. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa pamoja, na hapa ziwani unyevu haukosekani. Lakini kutu huanzia juu. Mafuta yakikifunika chuma vizuri, maji na hewa havikifikii. Ushahidi mkubwa uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zilionekana bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa kazi yenyewe. Chombo kilichokwama kisipigwe nyundo kwa hasira. Majiliwa mengi ya zamani ni ya chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa, ambacho hupasuka badala ya kupinda. Tia mafuta ya taa kwenye skrubu kuu, subiri usiku mzima, kisha sukuma mkono wake mbele na nyuma kidogo kidogo. Rudia kila siku. La babu lilikubali siku ya nne.

Likishafunguka, tenganisha vipande na kuviweka kwa mpangilio ili ujue kila kimoja kinarudi wapi. Sugua kwa brashi ya waya. Kama kuna rangi ya zamani, usiisugue ikiwa kavu, kwani huenda ina risasi, na vumbi lake ni sumu; ilowanishe kwanza. Vipande vidogo vyenye kutu sugu viloweke katika siki kwa siku moja, uvisugue, uvioshe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kisha uvikaushe mara moja. Chuma kilichosafishwa kikiachwa na maji hushika kutu upya siku hiyohiyo. Maliza kwa oili ya injini, na grisi kwenye skrubu. Mawese tuyaachie jikoni: yakikaa kwenye chuma huganda na kunata.

Patasi na tupa zina sharti lake: usizitie motoni ili kuondoa kutu. Ugumu wa makali yake ulitokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa ovyo huuondoa.

Jiliwa safi lisilofungwa vizuri bado halifai. Meza iwe ya mbao nzito, na jiliwa likae juu ya mguu wa meza au karibu nao, ili nguvu ya nyundo ishuke hadi chini. Usitumie misumari, toboa ubao mpaka upande wa pili, upitishe bolti, na chini uweke washa pana kabla ya kukaza nati. Taya lisilosogea litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kusimama wima bila kugonga ubao. Kuhusu kimo, simama wima ukunje mkono: kiwiko kiwe sawa na sehemu ya juu ya taya. Meza ikiwa juu mno mabega yatachoka. Ikiwa chini mno, mgongo utalipa.

Wakati wa kukaza bolti, mjomba aliomba ekru na rondele. Mimi niliyetoka darasani nikatafuta nati na washa. Tulicheka, lakini nilijifunza kitu. Nilikuwa nimelisoma neno jiliwa katika kamusi bila kuligusa. Yeye alikigusa chombo miaka mingi bila kulisikia neno hilo. Kila mmoja alikuwa na nusu. Chombo kikienda kwenye mizani, nusu zote mbili hukosa mahali pa kukutana.

Mnunuzi alirudi siku ya nane. Alimkuta mjomba amebana uma wa baiskeli ya jirani kwenye taya, anaunyoosha. Mwenye baiskeli alikuwa amesimama pembeni, pesa mkononi.