Damu ya swala hufichua TB, lakini wewe toa makohozi

Ikiwa unaishi Kitengela, ndugu msomaji, jirani zako si watu pekee. Msimu wa mvua, nyumbu na pundamilia hutoka Mbuga ya Nairobi kuelekea nyanda za Kajiado, ingawa nyua na nyumba zimeibana njia yao. Huko hulisha pamoja na ng'ombe. Palipo na malisho na maji ya pamoja, maradhi nayo huweza kuvuka. Mojawapo ni kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho humwambukiza mwanadamu pia.

Usitishike. Sisemi kwamba nyumbu wa Kitengela wanaugua. Hata hivyo, jambo hili limewahi kutokea karibu nasi. Miaka ya 1980, nyani wa Masai Mara walikufa kwa TB ya ng'ombe baada ya kula mabaki ya nyama yenye ugonjwa kwenye jaa la hoteli ya watalii. Mnamo 2005, watafiti waliripoti kupata viini hivyo kwa nyumbu, nyamera na tandala mdogo kaskazini mwa Tanzania.

Hupimwaje porini?

Ng'ombe hudungwa sindano ndogo ya ngozi, kisha daktari wa mifugo hurudi baada ya saa 72 kuangalia uvimbe. Je, nani atamkamata swala yule yule siku ya tatu? Huko Michigan, Marekani, ambako TB imepiga kambi miongoni mwa kulungu wa mwituni, maafisa hukagua vichwa vya wale waliouawa na wawindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo 1977, kwa hivyo njia hiyo hatuna.

Hapo ndipo damu hufaa. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi mara moja tu, hutolewa damu, na maabara hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda kupambana na viini.

Lakini askari hawa wa TB huchelewa. Mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa umekomaa. Mnyama mmoja akikosa kingamwili, hatuwezi kuapa kwamba ni mzima. Ukipima wengi na kukuta kadhaa wanazo, umejua pa kuchunguza zaidi. Kipimo hiki huchunga kundi.

Na wewe je?

Kwa binadamu, mambo ni tofauti. Mnamo 2011, Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziache kutumia vipimo vya kingamwili kutambua TB, kwani huwapita wagonjwa na kuwasingizia wazima. Ukiambiwa ulipie kipimo hicho, weka pesa zako mfukoni. Ukikohoa kwa wiki mbili, ukitokwa na jasho usiku au ukikonda, nenda kituo cha afya cha serikali utoe makohozi. Dawa za TB huko ni bure.

TB ya ng'ombe hupitia hasa maziwa mabichi, na huweza kuanza kwa tezi za shingo kuvimba au maumivu ya tumbo, bila kikohozi. Mweleze daktari ukweli kuhusu maziwa unayokunywa. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya kwanza, haiviui viini vya ng'ombe, na daktari akijua hilo mapema atapanga matibabu yanayofaa.

Chemsha maziwa, hata kama ng'ombe ni wako na amenona. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi.