Vikao 14 vya Goti: Nani Analipa, na Kiasi Gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa wakiishi na ostioathraitisi, yaani kulika kwa gegedu, tabaka laini linalozuia mifupa kusagana kwenye kiungo. Walioathirika goti ni milioni 365, sawa na asilimia 69. Idadi ya wagonjwa ilipanda kwa asilimia 113 kati ya 1990 na 2019, lakini isisomwe kama mlipuko: watu wameongezeka, na wanaishi miaka mingi zaidi.

Kiini cha fiziotherapia ya goti la namna hii ni kuimarisha misuli ya paja. Mgonjwa huketi ukingoni mwa kiti, hukunja mikono kifuani, kisha huinuka polepole huku mtaalamu akichunga goti lisiingie ndani, libaki sambamba na vidole vya mguu. Halafu huketi tena bila kujibwaga. Mizunguko 3 ya mara 10 ni miinuko 30, na kifaa kinachohitajika ni kiti.

Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya matokeo ya tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio 44 ya mazoezi ya goti. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, wasiofanya mazoezi walikuwa na 44, waliofanya 32. Tofauti ni pointi 12, yaani asilimia 27 ya 44. Si haba, lakini si kupona. Tena hakuna anayefanya mazoezi bila kujua kwamba anayafanya, kwa hiyo huenda sehemu ya pointi hizo imeletwa na matumaini. Mimi ningemwahidi mgonjwa robo ya maumivu, nisivuke hapo.

Upasuaji wa kubadilisha goti hutuliza zaidi. Jaribio la Denmark lililochapishwa 2015 liligawa wagonjwa 100 nusu kwa nusu: wote walipata tiba isiyo ya kisu, na nusu yao wakapasuliwa kwanza. Baada ya miezi 12, waliopangiwa upasuaji walipata nafuu ya pointi 32.5 kati ya 100, wenzao 16.0. Ni mara mbili. Madhara makubwa nayo yalikuwa 24 dhidi ya 6, mara nne. Na kati ya wale 50 wa upande wa pili, 37 walimaliza mwaka bila kupasuliwa. Ila pointi 16 hizo si za mazoezi peke yake: wagonjwa walipata pia elimu, ushauri wa lishe, soli za viatu na dawa za maumivu. Anayezinukuu kama tunda la mazoezi tu anazidisha.

Sasa tuje mfukoni. Programu ya GLA:D, iliyoanza Denmark mwaka 2013, ina vikao 2 vya elimu na 12 vya mazoezi, jumla 14. Bei zinazofuata ni za mfano. Msomaji aweke za mtaani kwake. Tuseme kikao ni shilingi 15,000 za Tanzania, daladala kwenda na kurudi 1,400, na mama lishe aliyefunga biashara nusu siku anakosa 5,000. Kila safari ni 21,400. Mara 14 ni 299,600.

Vidonge vya maumivu, tukivipa 500 kwa siku, ni 182,500 kwa mwaka. Anayechagua vidonge hajakosea hesabu: mwaka wa kwanza vina nafuu ya 117,100. Mwaka wa pili vinafika 365,000 na kuvipita vikao. Lakini hapo tumechukulia kwamba anayefanya mazoezi ataacha vidonge kabisa. Akipunguza nusu tu, anaokoa 91,250 kwa mwaka, na vikao vinajilipa baada ya miaka 3 na ushei. Nje ya hesabu zote kuna vidonda vya tumbo, presha na maradhi ya figo, ambavyo diclofenac na dawa za jamii yake huweza kuvileta zikimezwa kila siku. Bili hiyo huja baadaye, na hakuna anayeiandika kwenye safu ya goti.

Kinachogeuza mizani ni kikundi. Watu 8 wakilipa 4,000 kila mmoja, kituo kinapata 32,000 kwa kikao, zaidi ya mara mbili ya 15,000. Kwa mgonjwa, safari inashuka hadi 10,400, na vikao 14 hadi 145,600, chini ya vidonge vya mwaka mmoja. Kati ya hizo 10,400, nauli na muda vinachukua 6,400, sawa na asilimia 62. Ukipunguza ada kwa nusu unamwokolea mgonjwa 28,000. Ukihamishia kikundi kwenye zahanati ya mtaani kwake, jioni biashara ikishafungwa, unamwokolea hadi 89,600. Mjadala wa ada peke yake unaacha pesa nyingi zaidi mezani.

Kitaifa, sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. WHO inasema baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengemao, kundi ambalo wa fiziotherapia wamo, wasiofika 10 kwa kila watu milioni. Tukichukua 10 kama kipimo tu, si idadi halisi ya Tanzania, tunapata 617. Wagonjwa tuwakadirie kwa asilimia 2, kwani wastani wa dunia haufai nchi ambayo nusu ya watu hawajafikisha miaka 20: ni watu 1,234,000, na vikao 17,276,000. Kila mtaalamu akiendesha vikao 6 kwa siku, siku 240 kwa mwaka, wote pamoja wanatoa 888,480. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, foleni inaisha baada ya miaka 19. Kwa vikundi vya watu 8, miaka 2 na nusu. Muda wenyewe si utabiri, maana wataalamu haohao wanangojwa na wenye kiharusi, mivunjiko na watoto wenye mtindio wa ubongo. Cha kushika ni uwiano wa moja kwa nane.

Uwiano huo nao unategemea mahudhurio. Wakibaki 5 kwenye kikundi, kituo kinapata 20,000. Wakibaki 4 ni 16,000, bado juu ya kikao cha mtu mmoja. Wakibaki 3 ni 12,000, na kikundi kitafungwa. Kituo kinachojaribu njia hii kianze kuandika idadi ya waliorudi wiki ya tatu, na mbele ya jina la kila asiyerudi, sababu: nauli, mvua, msiba, au goti lililouma zaidi baada ya siku ya kwanza.