Tunza Betri ya Gari, na Ujihadhari Nayo

Siku hizi betri ya gari haikai ndani ya gari peke yake. Utaikuta kwenye trekta la chama cha ushirika. Utaikuta kwa kinyozi anayetumia umeme wa jua, na chini ya kitanda cha mwenye redio. Watoto huikalia kama kigoda. Watu wengi wanaishi nayo nyumba moja, lakini ni wachache walioelezwa kuna nini ndani ya sanduku lile.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni pamba na mahindi, si magari. Lakini mvua za kwanza zikinyesha na trekta likakataa kuwaka, ekari zinabaki bila kulimwa, na mara nyingi kosa liko kwenye betri. Kwa hiyo leo tuiache pamba kidogo.

NDANI YA SANDUKU

Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa aitwaye Gaston Planté, mwaka 1859. Umbo lake limebadilika tangu hapo, lakini kazi yake ni ile ile. Ndani ya sanduku kuna vyumba 6. Kila chumba hutoa umeme wa volti 2 hivi, na vyote pamoja hutoa volti 12. Katika kila chumba kuna mabamba ya madini ya risasi, yamesimama karibu karibu kama kurasa za kitabu. Mabamba hayo yamezama katika maji yaliyochanganywa na tindikali ya salfa. Tindikali hii hula nguo, hula ngozi, na hupofusha macho.

Unapowasha injini, tindikali huingia kwenye mabamba na umeme hutoka. Injini ikishawaka, mashine ndogo inayozungushwa na mkanda wa feni huirudishia betri umeme wake. Hapo tindikali hutoka kwenye mabamba na kurudi majini. Ndiyo sababu betri iliyojaa ina maji mazito, na betri iliyokwisha ina maji mepesi. Fundi ana kipimo cha kioo chenye kielea ndani yake. Kipimo kikionyesha 1.27 hivi, betri imejaa. Kikionyesha karibu na 1.12, imekwisha. Kila chumba hupimwa peke yake. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, anza kuweka akiba ya kununua betri nyingine.

Betri iliyokwisha isikae hivyo hivyo. Ikikaa majuma mengi bila umeme, chumvi nyeupe huganda juu ya mabamba na kuwa ngumu, na baadaye betri haipokei tena umeme hata ukiichaji siku nzima. Hili ndilo linaloua betri nyingi za matrekta. Trekta hulima Novemba na Desemba, kisha huegeshwa chini ya mwembe hadi msimu mwingine. Mwaka unaofuata watu husema betri ilikuwa mbovu tangu dukani. Haikuwa mbovu. Trekta likipumzika, fungua waya za betri, iweke mahali pakavu penye kivuli, na kila mwezi ipeleke ikachajiwe.

Nimesema penye kivuli kwa sababu wengi wetu tumezoea kuanika betri za tochi juani ili zipate nguvu kidogo. Betri ya gari usiianike. Joto huifupishia maisha.

MAJI GANI YATIWE?

Betri inapochajiwa, maji hupungua polepole. Tindikali haipungui, inabaki mle mle. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji peke yake. Ukiongeza tindikali, maji yanakuwa makali kupita kiasi na mabamba yanaliwa.

Lakini maji yenyewe yawe yale yaliyotokana na mvuke, ambayo hayana chumvi wala kitu kingine. Maji ya kisima hayafai, wala ya bomba, wala ya ziwa. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yana kutu na vumbi. Maji yaliyochemshwa je? Kuchemsha huua vijidudu, na maji hayo ni mazuri kwa kunywa, lakini chumvi yake imebaki humo humo. Hata maji ya kunywa yanayouzwa katika chupa hayafai, nayo yana chumvi chumvi ndani yake.

Sasa tuangalie jina. Dukani ukisema "nipe maji ya betri", muuzaji mmoja atakupa maji safi, na mwingine atakupa tindikali, kwa sababu vyote viwili watu huviita maji ya betri. Kwa macho havina tofauti. Vyote ni vyeupe kama maji ya mtungi. Kwa hiyo soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Chupa isiyo na maandishi usiinunue. Na usikubali hata kidogo tindikali iwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto aliyetoka kucheza na kiu yake hatauliza kuna nini ndani. Atakunywa.

Tazama maji ya betri mara moja kila mwezi, na wakati wa jua kali kila majuma mawili. Betri nyingine zina mistari miwili ubavuni, wa chini na wa juu, na maji hutakiwa yawe kati ya mistari hiyo. Kama hakuna mistari, fungua vifuniko na uhakikishe maji yamefunika mabamba kwa kiasi cha sentimita 1. Usijaze hadi mdomoni. Wakati wa kuchaji maji hupanda, na yatamwagika pamoja na tindikali. Ukikuta mabamba yako wazi, yafunike tu kwanza, chaji betri, kisha ongeza maji hadi kiasi chake. Ziko pia betri zilizofungwa kabisa, zisizo na vifuniko. Hizo usizitoboe.

KIBIRITI NA BETRI

Mtu mmoja alitaka kutazama maji ya betri usiku. Hakuwa na tochi, akawasha kibiriti. Betri ililipuka usoni mwake. Habari kama hii utaisikia wilaya yoyote yenye magari, na wasikilizaji husema amerogwa. Hakurogwa. Betri inapochajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Ikifika sehemu 4 tu katika kila sehemu 100 za hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuiwasha. Sanduku likipasuka, tindikali huruka pamoja na vipande vya plastiki.

Basi betri isichajiwe chumbani mnamolala, wala jikoni, wala karibu na kibatari au sigara. Ichajiwe mahali penye madirisha wazi au barazani. Kuitazama usiku tumia tochi.

Cheche hutoka pia kwenye spana. Ukitaka kufungua waya za betri, zima injini na taa zote. Anza na waya wenye alama ya kutoa (–). Kisha fungua wenye alama ya kujumlisha (+). Wakati wa kurudisha, anza na wa kujumlisha, na ule wa kutoa uwe wa mwisho. Si desturi ya mafundi tu. Katika magari mengi ya leo waya wa kutoa umefungwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Ukianza na wa kujumlisha, na spana ikagusa chuma cha gari, umeme wote wa betri utapita kwenye spana mara moja, na utaona moto. Vua pete na saa ya chuma kwanza. Pete ikishika umeme huo huwa nyekundu kama kaa, na kidole kinaungua hadi mfupani.

Vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme. Baada ya kufungua waya, koroga magadi katika maji ya vuguvugu, hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa vizuri, kisha sugua vichwa kwa mswaki wa zamani. Yatatoka mapovu. Mapovu yakiisha, tindikali imekwisha nguvu. Suuza, kausha, funga waya na kaza nati, halafu paka grisi kidogo. Mara nyingi trekta lililokuwa likisukumwa na vijana kumi huwaka lenyewe baada ya kazi hii ya nusu saa.

Ukikuta vichwa ni safi na betri bado haijai, tazama mkanda wa feni. Ukilegea, betri haipati umeme wa kutosha. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Uzame kidogo tu, kiasi cha sentimita 1 hivi. Na asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kuwasha, tazama mafuta ya injini kwa kijiti chake, na maji ya rejeta. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto.

KUAZIMA UMEME WA GARI JINGINE

Wengi hufanya hivi njiani, na wengi huungua hapa. Magari yasigusane, na betri zote mbili ziwe za volti 12. Betri yenye ufa usiiguse kabisa. Waya mwekundu ufungwe kwenye (+) ya betri iliyokufa, kisha kwenye (+) ya betri nzima. Waya mweusi ufungwe kwenye (–) ya betri nzima. Ncha yake ya mwisho usiifunge kwenye betri iliyokufa. Ifunge kwenye chuma tupu cha injini ya gari hilo, mbali na betri, maana ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na juu ya betri ndiko iliko ile hewa. Gari likiwaka, fungua kwa kurudi nyuma, ukianza na ncha uliyofunga mwisho.

TINDIKALI IKIKURUKIA

Ikiingia jichoni, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, na uendelee kwa dakika 20. Mfungue mgonjwa kope kwa vidole hata akipiga kelele. Msisubiri usafiri ndipo muoshe. Osheni kwanza, kisha mpelekeni zahanati. Ikimwagika mwilini, vua nguo na osha kwa maji mengi. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Mtu akiinywa, asitapishwe, maana ikipanda itamchoma koo mara ya pili. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali upesi.

BETRI IKIFA

Wapo wanaopasua betri kuukuu ili wayeyushe risasi, wapate vizito vya nyavu. Tindikali humwagwa nyuma ya nyumba, na risasi huyeyushwa katika sufuria, pengine ile ile ya ugali. Risasi ni sumu. Haimwui mtu siku hiyo hiyo. Huingia kidogo kidogo kwa moshi, vumbi na mikono michafu, na huwadhuru watoto zaidi, kwa sababu hutambaa chini na kutia vidole mdomoni. Mtoto huumwa tumbo, huishiwa damu, akili yake huharibika, na baadaye hupata degedege.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya mji wa Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakipasua betri kwa miaka mingi. Baadaye wakaanza kuchekecha udongo wa pale ili wapate mabaki ya risasi ya kuuza. Udongo mwingine waliupeleka majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Mwanzoni hakuna aliyejua sababu. Walipopimwa ndugu zao na mama zao, damu yao ilikutwa imejaa risasi.

Kwa hiyo betri iliyokufa ibaki nzima, vifuniko vimefungwa na tindikali yake imo ndani. Iweke mahali ambapo watoto hawafiki, imesimama, si kwa ubavu. Utakapokwenda kununua nyingine, ipeleke kwa muuzaji. Wauzaji wengi huzinunua kwa uzito, au hukupunguzia bei ya mpya. Atakayekuambia umwage kwanza maji yake ili asibebe uzito, mkatalie, na utafute muuzaji mwingine.