Kayaki ya Tokyo na Mtumbwi wa Remba

Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Bálint Kopasz wa Hungaria alimaliza mita 1,000 kwa kayaki ya mtu mmoja katika dakika 3 na sekunde 20.6. Hiyo ni kasi ya kilomita 18 hivi kwa saa, bila injini wala tanga. Wavuvi wa Remba, kisiwa cha mawe na mabati kilichosongamana watu katika Ziwa Victoria, wanajua mwendo huo hugharimu petroli kiasi gani.

Chombo kikienda huzua wimbi omoni na jingine tezini, na kadiri kinavyoongeza kasi ndivyo wimbi linavyorefuka. Likilingana na urefu wa chombo, mpiga kafi huwa kama anayepanda kilima alichokijenga mwenyewe. Kwa kayaki ya mita 5.2, urefu wa juu unaoruhusiwa, taabu hiyo huanza kwenye kilomita 10 kwa saa. Kopasz alikaribia kuizidisha kasi hiyo mara mbili kwa sababu kayaki yake ni nyembamba mno: wimbi lake ni dogo, na kinachobaki kumzuia zaidi ni maji yanayosugua ubavu. Tangu sharti la upana lilipofutwa baada ya Michezo ya Sydney ya 2000, mafundi wamezidi kuzibana kayaki hizi.

Wembamba huo una bei yake. Kayaki ya kilo 12 ingepinduka kwenye mawimbi ya Remba kabla ya mtu kushika kafi vizuri. Mtumbwi wa pale una mkuku na mbavu pana kwa kuwa hubeba nyavu, samaki na watu, tena mara nyingi usiku, wakati ngurumo za ziwani huwa kali zaidi.

Kina nacho kina neno. Mbio za kasi ile zikifanyika kwenye maji ya mita mbili na nusu, wimbi la chombo hufikia kikomo cha mwendo wake, na chombo huonekana kung'ang'aniwa na maji. Hapo Remba haina shida: wastani wa kina cha Ziwa Victoria ni mita 40. Shida ni upepo.

Lakini tazama mashindano ya mtumbwi, si ya kayaki. Mshindani hupiga goti moja, hupiga kafi upande mmoja tu, na hana usukani. Kila pigo humpeleka kombo, hivyo mwishoni mwa pigo hugeuza bapa la kafi kidogo ili omo irudi kwenye mstari. Anayeshika kafi tezini mwa mtumbwi wa uvuvi hufanya vivyo hivyo, na hakufundishwa na kocha. Wanaume wameshindana kwa mtumbwi kwenye Olimpiki tangu Berlin 1936. Wanawake walisubiri hadi Tokyo, na sababu haikuwa ya kisayansi.

Kwa hiyo Kaunti ya Homa Bay, yenye kisiwa cha Remba, ikitaka kukuza mchezo huu isianze kwa kununua kayaki za bei mbaya. Itafute ghuba iliyokingwa na upepo, ipime mita 500 kwa maboya, igawe jaketi za kuokolea maisha, kisha iwaite vijana wa visiwani, wa kike na wa kiume, waje na makafi yao.