UZI: Wakitaka kupanua kituo cha mionzi, tunabishana kuhusu nini hasa?

1/ Kituo chenye vitu vya mionzi kikitajwa tu kwenye siasa zetu, watu wanagawanyika ndani ya dakika tano. Hawa wanasema "tutakufa sote", wale wanajibu "mnapinga maendeleo". Mimi nasomea sayansi ya siasa na naishi Shauri Moyo. Kwa huu uzi sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tuzipitie hoja moja moja.

2/ Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kinu cha nyuklia kinazalisha umeme, na Kenya bado haina. Kituo cha kuhifadhi taka za mionzi ni kitu kingine, na hicho tunacho: kiko Oloolua, upande wa Ngong. Akisimama mtu akasema "hii ni Chernobyl", muulize anaongelea kipi. Chernobyl (1986) kilikuwa kinu cha umeme. Kituo cha kuhifadhi hakilipuki hivyo. Hatari zake ni kuvuja, kuibiwa na kusahaulika.

3/ Hoja ya kwanza utakayosikia: "Hatutaki hizo taka hapa nchini." Shida ni kwamba ziko tayari. Kuna mashine za kutibu saratani zinazotumia kobalti-60. Kuna vifaa vya kupima udongo wa barabara kama umeshindiliwa vizuri. Viwanda pia vina vipimo vya aina hiyo. Mashine ya eksirei ukizima stima mionzi inaisha. Kobalti haina swichi. Ikichoka kutumika, lazima iende mahali.

4/ Na isipoenda mahali? Mwaka 1987, mji wa Goiânia, Brazil. Kliniki ya saratani ilihama ikaacha mashine ndani ya jengo tupu. Vijana wawili wa kuokota vyuma wakaibeba, wakaiuza kwa mwenye skrapu. Ndani kulikuwa na unga wa sesiamu-137 unaong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana kama kitu cha ajabu. Wanne walikufa, mmoja mtoto wa miaka 6. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 wakapatikana na mionzi.

5/ Sasa fikiria hapa kwetu. Ukitoka Shauri Moyo ni hatua chache ufike jua kali ya Kamukunji. Chuma kinaingia asubuhi, jioni kimekuwa jiko, sufuria au sanduku la shule. Fundi hana kifaa cha kupima mionzi. Kwa hivyo kituo kizuri cha kuhifadhi kinamlinda huyo fundi, hata kama hajawahi kusikia jina Oloolua. Anayepinga kila kituo, kokote, anafaa kumjibu huyu pia.

6/ Lakini upande wa pili nao wana jambo la kujibu: muda. Nguvu ya kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa. Sesiamu-137 huchukua karibu miaka 30 kupungua nusu. Ili ibaki chini ya sehemu moja kwa elfu inahitaji miaka 300 hivi. Sisi tunapiga kura kila miaka 5. Hiyo ni chaguzi 60. Anayekuahidi leo kwamba "tutalinda" anaahidi kwa niaba ya serikali 60 zijazo. Uliza pesa za ulinzi zimewekwa wapi, na kwa sheria gani.

7/ Tuje kwa upanuzi, maana hapo ndipo watu huchezwa. Jirani alikubali stoo ndogo. Miaka ikapita, sasa inatakiwa iwe kubwa mara tatu na ipokee vitu vipya. Utaambiwa "mlishakubali." Hapana. Kifungu cha 64 cha sheria ya mazingira (EMCA, 1999) kinaipa NEMA nguvu ya kuagiza tathmini mpya ya athari ikiwa mradi umebadilika kwa kiasi kikubwa. Ila ni nguvu ya kuagiza, haijiagizi yenyewe. Wananchi wakinyamaza, inaweza kupita hivyo hivyo.

8/ "Wataalamu wamesema ni salama." Sawa, wataalamu wa nani? Kenya kuna NuPEA, ambayo kazi yake ni kuendeleza mpango wa nyuklia. Halafu kuna KNRA, iliyoundwa na sheria ya 2019, ambayo kazi yake ni kudhibiti na kutoa leseni. Anayeuza gari na anayelikagua hawafai kuwa mtu mmoja. Kwenye mkutano, uliza anayeongea ametoka ofisi gani kati ya hizo mbili.

9/ Ona Uyombo, Kilifi. Serikali ilitaka kujenga kinu cha umeme wa nyuklia hapo, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke na Mida Creek. Wakazi wengi ni wavuvi na wakulima. Mei 2024 waliandamana, polisi wakawatawanya kwa nguvu. Mwaka 2025 mpango ukaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kuhamisha mradi si sawa na kujibu maswali. Yale ya mvuvi wa Uyombo sasa ni ya mvuvi wa Siaya.

10/ Na kushirikisha umma si kuita watu chini ya hema, wapewe soda na nauli, wasaini karatasi ya mahudhurio. Kusaini kwamba ulikuwepo si kusaini kwamba umekubali. Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu. Sababu moja kubwa: mikutano ilifanywa mapema, na ripoti ya utafiti ilipotoka wananchi hawakupewa nafasi halisi ya kuijadili.

11/ "Wanaopinga wamelipwa." "Wanaounga mkono wamelipwa." Inawezekana, kote kote. Lakini hata mtu aliyelipwa anaweza kuuliza swali zuri. Jibu swali kwanza. Vivyo hivyo kwa "ajira": uliza ni ngapi, za miezi mingapi, na ngapi zitabaki ujenzi ukiisha.

12/ Silaha ulizo nazo:
– Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016: omba habari kwa maandishi, ofisi ya umma ina siku 21 kujibu. Ikihusu uhai wa mtu, saa 48.
– Kifungu cha 70: unaweza kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba umeshaumia.
– Leseni ya NEMA ikitoka, una siku 60 kukata rufaa kwa jopo.

13/ Na maswali matano ya kubeba barazani: Ni vitu gani vitaletwa, na kiasi gani? Vitapita barabara gani? Nani anapima mionzi nje ya ua, na matokeo yanabandikwa wapi? Kukitokea shida usiku, napigia nani? Nani atalipa kulinda baada ya miaka 50?

14/ Wakikujibu yote, kwa maandishi, unaweza kuunga mkono bila aibu. Wakikosa kujibu, kupinga kwako si kupinga maendeleo. Kama una mama mboga, fundi au boda anayeishi karibu na kituo cha aina hii, mtumie hii.

Swali lolote, weka hapo chini. Nitajibu ninayoweza.