Karatasi ya Kampeni Bila Jina la Mwenyewe

Juma hili tuzungumzie mstari mmoja mdogo sana, ule unaochapwa chini kabisa ya karatasi ya kampeni kwa herufi ambazo wazee huhitaji miwani kuzisoma. Tutautazama kule Uingereza, ambako sheria yake ni ya siku nyingi.

Chaguzi za madiwani huko kwa kawaida hufanyika Alhamisi ya kwanza ya mwezi Mei. Kabla ya siku hiyo, vipeperushi hupenyezwa milangoni na mabango hubandikwa madirishani. Kila kimoja lazima kionyeshe majina na anuani za watu watatu: mpiga chapa, mtu aliyesababisha kitolewe, na yule ambaye kimetolewa kwa niaba yake. Mara nyingi wa pili ni wakala wa mgombea na wa tatu ni mgombea mwenyewe. Kama karatasi ina upande mmoja tu wenye maandishi, majina yawe upande huo. Kama ina kurasa kadhaa, yawe ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Mgombea asiye na fedha, anayejichapia mwenyewe nyumbani, naye hasamehewi. Hapo yeye ndiye mpiga chapa, na aandike hivyo.

Sharti hili limo katika kifungu cha 110 cha Sheria ya Uwakilishi wa Watu ya mwaka 1983, lakini mizizi yake ni mirefu zaidi. Mwaka 1799, serikali ya London ilipotishika kwamba mawazo ya mapinduzi ya Ufaransa yangevuka bahari, iliwalazimisha wapiga chapa kuweka majina yao kwenye kazi zao ili wachochezi wasakwe. Sheria ya mwaka 1883 dhidi ya rushwa ikaliingiza sharti la namna hiyo katika uchaguzi wa Bunge, na mwaka uliofuata likafika kwenye uchaguzi wa miji. Basi chombo kilichobuniwa kumsaidia mtawala kikaishia mikononi mwa mpiga kura. Si mara nyingi historia hutufanyia hisani ya namna hiyo.

Faida yake ni nini? Tuseme zimebaki siku mbili watu wapige kura. Usiku inamwagwa mitaani karatasi inayosema mgombea fulani ni mwizi. Haina jina. Aliyetukanwa amjibu nani? Amshitaki nani? Na gharama ya uchapaji iingizwe katika hesabu ya nani? Maana huko kila mgombea udiwani ana kikomo cha matumizi, na hesabu zake hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 35 baada ya matokeo kutangazwa, pamoja na risiti za malipo ya kuanzia pauni 20. Karatasi isiyo na mwenyewe huiponyoka hesabu hiyo.

Hata hivyo, jina halithibitishi ukweli wa maneno. Mwaka 2010 Phil Woolas, aliyekuwa waziri, alishinda ubunge wa Oldham East and Saddleworth kwa kura 103 tu. Vipeperushi vya kampeni yake vilikuwa vimemzulia mpinzani wake mambo kuhusu Waislamu wenye siasa kali. Mahakama ya uchaguzi haikuhitaji kusaka mwenye karatasi; iliuliza kama maneno yale ni ya uongo, na kama mgombea alikuwa na sababu ya kuyaamini. Mwezi Novemba mwaka huo ushindi ukafutwa naye akazuiwa kugombea kwa miaka mitatu. Huo ulikuwa uchaguzi wa Bunge, lakini kifungu kinachokataza uongo wa aina hiyo kinawahusu madiwani pia.

Anayelisahau jina lenyewe naye hasalimiki. Katika Uingereza na Wales faini yake haina kikomo, na kwa mgombea au wakala wake ni kosa la uchaguzi ambalo laweza kumzuia asishike kiti.

Wapo wanaolalamika, na mimi naona wana hoja. Mwanamke anayegombea kata kwa mara ya kwanza hapendi anuani ya nyumbani kwake isambazwe kwa maelfu ya watu asiowajua, hasa baada ya wabunge wawili, Jo Cox mwaka 2016 na David Amess mwaka 2021, kuuawa. Kwa bahati sanduku la posta linakubalika, au anuani ya ofisi ya chama.

Kwa muda mrefu sheria ilikamata karatasi ikaiacha simu. Tangu tarehe 1 Novemba 2023, kwa Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2022, matangazo ya siasa ya kulipia katika intaneti lazima nayo yataje mtoaji na anuani yake, mwaka mzima na si wakati wa kampeni tu. Wagombea na vyama hubanwa hata kwa yale wanayoyatoa bila kulipia. Nafasi isipotosha, jina liwekwe mahali ambapo msomaji atalifikia moja kwa moja kutoka kwenye tangazo. Mwananchi wa kawaida anayetoa maoni yake binafsi bila malipo hahusiki. Lakini akiichukua picha ya mgombea, akakata ile sehemu ya chini yenye jina, kisha akaisambaza, huenda sheria ikamhusu naye.